Namna ya kupambanua maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti

Msemaji wa Kiswahili amezoea neno moja kubeba maana nyingi bila kubadilisha umbo. Akisikia "paa", sentensi ndiyo humwambia kama inazungumziwa nyumba, mnyama wa porini au ndege anayepanda angani, na akiliandika hutumia herufi zilezile. Kiingereza humtwika kazi ya ziada, kwa kuwa yapo maneno yaliyo sawa kabisa masikioni ambayo hutengana yanapoandikwa, na yapo mengine ambayo yeye huyasikia kuwa sawa ilhali Mwingereza huyasikia kuwa mbalimbali. Kwa hiyo, kabla ya kukariri orodha yoyote, iweke kila jozi katika fungu lake, maana dawa ya fungu moja haiponyi la pili.

Ili kujua jozi ni ya fungu gani, fungua kamusi inayoonyesha matamshi kwa alama za kifonetiki. Alama za "meat", yaani nyama, na za "meet", yaani kutana, ni zilezile. Basi tatizo lake ni la tahajia. Alama za "live", ishi, na za "leave", ondoka, hazilingani. Hapo tatizo ni la sikio na ulimi.

Fungu la tahajia lina historia yake. William Caxton alianzisha uchapaji huko Westminster, Uingereza, mwaka 1476, na maandishi yakaanza kuganda wakati matamshi ya irabu ndefu yalikuwa bado yanabadilika. Zamani "meat" na "meet" yalikuwa na irabu tofauti. Sauti zikaja kukutana, herufi zikabaki zilipokuwa. Ndiyo maana herufi isiyotamkwa haifai kupuuzwa, kwani mara nyingi ndiyo inayoonyesha ukoo wa neno. Usilikariri neno peke yake, bali litafutie ndugu zake: "there" huandikwa kama "here" na "where" kwa kuwa yote huulizia au kutaja mahali, na "their" huanza kama "they" kwa kuwa yote mawili huhusu watu wale.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa maneno manne yenye sauti moja. "Write" ni kuandika. "Rite" ni ibada au tendo la jadi, kama lile la jando. "Right" lina maana tatu zinazojitegemea: haki, usahihi na upande wa kulia. La nne, "wright", ni neno la kale lenye maana ya fundi, na siku hizi hupatikana hasa ndani ya maneno mengine. Ukishalijua hilo la nne, hutakosea tena kuandika "playwright", kwa sababu mtunzi wa tamthilia katika Kiingereza ni fundi wa tamthilia, ingawa kazi yenyewe ya kutunga huandikwa "playwriting", kwa neno la kuandika. Vivyo hivyo "copyright" ni haki ya kunakili, yaani hakimiliki, wala haihusiani na "copywriter", ambaye ni mwandishi wa matangazo ya biashara. Jiulize kila mara: hapa pana haki, pana fundi, au pana kalamu?

Jozi nyingine hazihitaji maelezo marefu. "Stationery" ni vifaa vya kuandikia, na mwisho wake hufanana na mwisho wa "paper". "Stationary" ni kitu kilichosimama mahali pamoja, hivyo kibao cha duka kilichoandikwa "Stationary" humhakikishia mteja kwamba duka halitembei, jambo ambalo hakuwa na shaka nalo. "Practice" kwa tahajia ya Uingereza ni nomino na "practise" ni kitenzi, sawa na "advice" na "advise", ambayo bahati nzuri hutofautiana hata kwa sauti.

Fungu la pili ni gumu zaidi, kwa sababu chanzo chake kimo katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina irabu 5, na Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa vitabuni huhesabiwa kuwa na takriban 20, zikiwemo zile za kuunganisha. Tazama tulivyoyapokea maneno ya mkopo: "shirt", "bus" na "card" yana irabu tatu tofauti, nasi tukapata shati, basi na kadi. Ndivyo "hat", "hut", "heart" na "hurt", yaani kofia, kibanda, moyo na kuumiza, yanavyoweza kutoka kinywani mwetu kama neno moja.

Anza na jozi ya "sheep", kondoo, na "ship", meli. Irabu "i" ya Kiswahili iko karibu na ile ya "sheep", ila ivute kidogo. Kwa "ship", ulegeze ulimi na uushushe kidogo kuelekea "e". Kisha shughulikia konsonanti za mwisho, ambazo hutusumbua kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu. Katika "rice", mchele, irabu hukatwa upesi, na katika "rise", inuka, hurefushwa. Urefu huo ndio msikilizaji anaoutegemea kuliko konsonanti yenyewe.

Unapoandika, usiitegemee programu ya kusahihisha tahajia pekee, kwani neno lililowekwa mahali pasipo pake huweza kupita bila kuguswa iwapo lenyewe limeandikwa sawasawa. Unapozungumza, pima maendeleo yako kwa imla: mtamkie mwenzako maneno mawili ya jozi moja, kwa jumla mara 10, ukiyachanganya bila mpangilio, naye aandike alichosikia bila kukutazama midomo. Akikosea mara mbili au zaidi, rudieni jozi hiyohiyo kesho yake kabla ya kugusa nyingine.