Somo: Meza ya siku moja ya kola, kamba na magodoro ya paka na mbwa

Habari za wikendi, wanakikundi. Leo ni zamu ya meza ya vifaa vya paka na mbwa vilivyotengenezwa hapahapa Dar, uwe umepata nafasi kwenye gulio la Masaki, bonanza la shule au kibaraza cha duka la jamaa yako. Wateja wapo. Shida ni kwamba mnunuzi anakuja, mbwa kamwacha nyumbani. Shati mtu atajipima; kola atakisia tu, na ikimbana mbwa hutamwona tena huyo mteja. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye vipimo.

Hatua ya 1: Punguza bidhaa

Tatu zinatosha: kola na kamba zake, nguzo ya paka kunolea kucha iliyozungushiwa kamba ya mkonge, na godoro dogo la sufi. Sufi haifuliwi, kwa hiyo foronya iwe na zipu.

Vipande vya kitenge viombe kwa mafundi cherehani, wanavyo tele. Mikanda ya mabegi, bizimu na pete za chuma utazipata Kariakoo. Kitenge kishonewe juu ya mkanda wa begi, maana peke yake mbwa mkubwa akivuta mara moja kimechanika. Sehemu inayoshika pete ipigwe mshono wa mraba wenye msalaba katikati, uzi wa nailoni. Fundi akikuambia mstari mmoja unatosha, mshikishe ncha moja, wewe vuta nyingine kwa nguvu zako zote. Mtaelewana.

Hatua ya 2: Tengeneza shingo

Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua vipande vya bomba la plastiki la milimita 75, 110 na 160. Mzunguko wake ni kama sentimita 24, 35 na 50, yaani karibu na shingo ya paka, ya mbwa wetu wa kawaida wa mtaani, na ya German Shepherd. Visimamishe mezani, vivalishe kola. Mteja ataviangalia kidogo, kisha atanyoosha kidole: "Wangu kama huyu wa kati." Tayari mmeanza kuongea biashara.

Kila saizi iache kama sentimita 10 za kukaza na kulegeza. Kwenye tangazo lako la status waambie watu wazungushe uzi shingoni mwa mnyama, waukate, waje nao. Mfundishe mteja pia kwamba kola ikishavaliwa, vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kulipia meza

Tuseme meza ni 50,000 na usafiri 15,000, na kila kola inakuachia 4,000 baada ya kitambaa na fundi. Mpaka uuze kola 17 ndipo unaanza kuona faida. Kama gulio lenyewe ni la watu hamsini, baki nyumbani.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Lipa namba, chenji, turubai la mvua. Vitu vya paka vipange upande mmoja, vya mbwa upande mwingine. Wateja wengi Waislamu wanafuga paka na hawapendi kununua kitu kilichoguswa na mate ya mbwa. Mbwa akiletwa, mpime kwa uzi, usimvalishe kola kisha ukairudisha mezani.

Maswali ya wanachama

*Dada, naweza kuongeza dagaa wakavu wa paka?*

Kwa kuanzia hapana. Wengi wameanikwa mchangani, mafuta yao yanachacha upesi kwenye joto la Dar, na chakula cha kufungasha kina taratibu zake za usajili. Biskuti za mbwa ndizo ziache kabisa: unga wa mahindi wenye sumukuvu unaua mbwa, na kwa macho huioni.

*Mwalimu, kola ya paka si ile ile ya mbwa, ila ndogo?*

Hapana, mdogo wangu. Paka anapanda ukuta na mti. Kola ikinasa, inamnyonga. Tumia bizimu inayoachia ikivutwa kwa nguvu. Ukikosa, kola ya paka iache kwanza; usikimbilie lastiki, maana paka anaweza kunasa mguu au taya ndani yake. Kengele ni hiari ya mteja, paka wengine inawakera.

*Mteja akisema imembana mbwa wake, nirudishe hela?*

Badilisha saizi kwanza. Andika namba ya saizi kwa ndani ya kola na kwenye risiti, ili akipiga simu ujue alichukua ipi. Iliyokwisha kuvaliwa isirudi mezani: ng'oa bizimu na pete, zichemshe, zitumie kwenye kamba. Kitambaa tupa, huenda kina viroboto.