Funga vifundo viwili kwenye upote (kamba ya upinde), si kimoja

Kwa upinde wa jadi, mshale hukaa imara zaidi ukibanwa na kifundo juu na kingine chini. Tia upote kwenye upinde kwanza, weka skwea (rula yenye umbo la T inayoshikizwa kwenye upote) pale mshale unapolala, pima milimita 12 juu ya usawa: hapo ndipo kifundo cha juu kianzie. Chukua uzi wa kusafisha meno wenye nta, funga nusu-fundo mbele ya upote, lifuatalo nyuma, hivyo hivyo hadi matano au sita; hayo yote ni kifundo kimoja. Usitie gundi bado. Kifundo kikizungushwa kama skrubu hupanda au hushuka. Kile cha chini kiachie nafasi ya milimita moja hivi, maana ukivuta, upote hujikunja vidoleni na kubana mkia wa mshale. Wengi husahau hili, kisha wanalaumu mshale. Manyoya ya chini yakichakaa haraka, pandisha vifundo kidogo; mshale ukiruka huku mkia unapanda na kushuka, jaribu kuvipandisha au kuvishusha kidogo. Ukiusokota au kuulegeza upote baadaye, kipimo kimeharibika, pima upya. Na kama uzi uliozungushiwa katikati ya upote umelegea, kifundo kitateleza tu hata ukitie gundi.