Somo: Kununua stempu adimu kwenye mnada wa ng'ambo ukiwa Nairobi

Wenzangu wakusanyaji stempu, nimeulizwa sana jinsi ya kuingia kwenye minada ya stempu za zamani za Afrika Mashariki. Vitu vyetu vingi vya thamani huuzwa nje, hasa Uingereza, na siku hizi unaweza kushiriki ukiwa umekaa sebuleni kwako South B. Nitaeleza ninavyofanya mimi. Jambo ninalotaka mshike ni hili: bei yako iamue mapema, ukiwa umetulia. Anayesubiri kuamua nyundo ikiwa juu huishia kulipa hasira zake.

Hatua ya 1: Zoeza jicho. Nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, ukaone mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 na mpenzi mkubwa wa stempu. Nyumbani, tafuta stempu za bei nafuu ujifunzie. Mimi huwapa wanaoanza stempu ya senti 5 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935, ile yenye jahazi kwenye Ziwa Victoria. Iweke chini ya lenzi, ufuate kamba ya upande wa kushoto. Kwenye nyingine kamba imegusa tanga, kwenye nyingine haijagusa. Ukishaiona tofauti hiyo mwenyewe bila kuonyeshwa, umeanza kazi.

Jifunze pia kuhesabu meno ya pembeni. Hesabu yake ni idadi ya matundu ndani ya sentimita 2. Stempu ya pauni 1 ya nchi hizo tatu yenye Mfalme George wa Sita, nyeusi na nyekundu, ilitolewa kwa meno ya aina zaidi ya moja, na bei zake hazilingani.

Hatua ya 2: Soma katalogi, yaani orodha ya vitu vya mnada, neno kwa neno. Hapa tukae kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua stempu ya pauni 1 ya Kenya na Uganda ya mwaka 1922, nyeusi na rangi ya chungwa. Katalogi ilisema "imetumika", basi. Sikujiuliza imetumika wapi. Stempu za thamani kubwa za enzi ile zilibandikwa pia kwenye hati za serikali kulipia ushuru, kisha zikafutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi. Iliyopita posta huwa ghali. Iliyopita kwenye hati huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Kwa hiyo kuna watu huosha wino wa kalamu, wakagonga muhuri bandia wa posta juu yake.

Yangu ilipofika niliipeleka chini ya taa ya zambarau, zile za kukagulia noti ambazo utazipata Luthuli Avenue. Mchana, kwenye mwanga wa jua, ilikuwa safi kabisa. Chini ya taa, mstari hafifu wa kalamu ukajitokeza, umepita mshazari kutoka pembe hadi pembe, katikati ya uso wa mfalme. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Muda wa kulalamika ulikuwa umekwisha, na sharti hilo lilikuwa limeandikwa kwenye masharti ya mnada ambayo sikuyasoma.

Kwa hiyo tazama: imetumika posta au kwenye hati? Gundi ni ya asili au imepakwa upya? Kuna sehemu iliyochunika ikawa nyembamba? Pasipotajwa kitu, uliza.

Hatua ya 3: Omba picha ya nyuma, omba cheti cha kwamba kitu ni halisi. Andika barua pepe siku kadhaa kabla. Kwa bahasha za zamani, ambazo nazo huuzwa mnadani, nyuma ndiko kuliko na habari: mihuri ya njiani na ya kufika. Chukua bahasha za safari ya kwanza ya ndege za Imperial Airways kutoka London kuja huku Februari 1931. Tarehe ya kuondoka na ya kufika zisipoendana na safari yenyewe, iache. Kwa kitu cha bei kubwa, omba kabla ya mnada kwamba ununuzi usubiri uhakiki wa wataalamu, kwa mfano kamati ya Royal Philatelic Society London. Minada mingi hukubali, ila ukishinda kwanza ndipo uombe, umechelewa.

Hatua ya 4: Piga hesabu kinyumenyume. Tuseme una Sh 50,000 na si zaidi, na pauni ni Sh 170. Tenga Sh 10,000 za forodha, kwani huku kuna VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Zimebaki Sh 40,000, yaani pauni 235. Toa 25 za posta na bima: 210. Kamisheni ya mnunuzi, yaani ada ambayo mnada huongeza juu ya bei ya nyundo, tuseme ni asilimia 25, basi gawa 210 kwa 1.25, upate 168. Ishushe kidogo: dau lako la mwisho ni pauni 160. Yaani kati ya Sh 50,000 zako, zinazogusa nyundo ni Sh 27,200 tu. Wengi huweka dau la 50,000 nzima, kisha wanakopa ili kukomboa kifurushi.

Hatua ya 5: Acha dau la maandishi. Ukiandika pauni 160 na mpinzani wako akaishia 110, utapata kwa hatua moja juu yake, labda 120. Hulipi 160 yote. Kisha zima simu ukalale.

Msijifariji kwamba ukilipa zaidi, bei itapanda tu. Ile stempu ya senti 1 ya British Guiana ya mwaka 1856, ambayo inajulikana moja tu duniani, iliuzwa New York mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 9.5. Mwaka 2021 iliuzwa tena kwa takriban milioni 8.3.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kasarani: Mzee, habari. Babu alikuwa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku, alipigana Burma. Ameacha barua kwenye sanduku la bati. Nikate stempu nizipange kwenye albamu?

*Jibu:* Mjukuu wangu, weka makasi mbali. Barua za askari mara nyingi hata stempu ya maana hazina. Thamani yake iko kwenye muhuri wa posta ya jeshi, alama ya mkaguzi wa barua, na maandishi ya babu. Bahasha na barua yake visitengane. Usifute vumbi kwa kitambaa chenye maji, usitumie selotepu. Zipige picha zote mbele na nyuma, na uzisome na familia kabla ya kuwaza mnada.

Mwanachama, Eastleigh: Na nikitaka kuuza kwenye minada hiyo?

*Jibu:* Tuma picha kwanza. Usiposti kitu mpaka uwe na maandishi yanayotaja kamisheni yao, bei ya chini ambayo hawatauza chini yake, na siku ya kukulipa. Kitu kidogo hawatakipokea peke yake. Watakuambia ukusanye fungu.

Mwanachama, Lang'ata: Nikishinda halafu pesa zikakosekana?

*Jibu:* Dada, ni mkataba. Watakudai, na jina lako litafungiwa.

Mwanachama, Buruburu: Nina bahasha ya siku ya kwanza, yaani iliyogongwa muhuri siku stempu zilipotolewa, ya stempu za Uhuru, 12 Desemba 1963. Jirani ananiambia thamani yake ni ya kununua nyumba.

*Jibu:* Si nyumba, kaka. Watu wengi waliziweka siku ile kwa sababu walijua ni siku kubwa, kwa hiyo bado zipo nyingi. Lakini tazama anwani. Ikiwa imeandikiwa mtu wa kwenu, kwa mwandiko wa mtu unayemjua, mimi nisingeiuza.