Litografia ya Matisse ya mwanamke uchi: ikague hivi kabla hujatoa hela

Mtu akikuletea picha ya Matisse, yule mchoraji Mfaransa, ya mwanamke uchi au nusu uchi anakwambia ni litografia orijino, yaani imechapwa kutoka kwenye jiwe, usikimbilie saini. Saini iache mwisho, anza na ngozi ya huyo mwanamke, hapo ndo feki nyingi zinaumbuka.

Ila kwanza ujue kazi inavyofanyika. Msanii anachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, au anachorea kwenye karatasi maalum halafu mchoro unahamishiwa kwenye jiwe, Matisse hii njia aliitumia sana. Fundi anapaka gundi ya mgunga yenye tindikali kidogo, analowesha jiwe, anapitisha rola ya wino, sasa wino unashika penye mafuta na penye maji unakataa. Basi, ndo mchezo wote huo, Mjerumani mmoja, Senefelder, aliuanzisha kwao miaka ya 1790 huko.

Chukua ile ya Matisse ya 1925, odalisque (mwanamke wa harem) amekaa kwenye kiti, kifua wazi, suruali pana ya mistari, toleo la nakala 50 (kwangu mimi hakuna kitu kizuri alichofanya kwenye jiwe kuishinda hiyo). Weka lensi ya fundi saa pale kwenye kivuli cha chini ya titi ushuke nayo taratibu mpaka tumboni. Ukiona chembechembe hazina mpangilio, zingine nene zingine zimeshika nusu, weusi unatoka tii unafifia mpaka inabaki karatasi tupu, hapo unaongea na jiwe. Ukiona vidoti vimejipanga mistari kama picha ya gazeti, rudisha, hiyo ni picha ya picha, imechapwa kwa mashine ya ofseti kama ya magazeti. Na vidoti visipokuwepo usishangilie bado, kuna njia za zamani za kunakili kama kolotaipi hazina hivyo vidoti.

Ndo maana lazima upime. Toa kwenye fremu, pima mchoro wenyewe kwa rula, halafu karatasi nayo, linganisha na orodha kamili ya printi za Matisse iliyotoka Paris 1983, aliiandaa binti yake Marguerite na mjukuu wake Claude, humo kila printi ina vipimo na idadi ya nakala. MoMA, jumba la sanaa la New York, nao wameweka kazi zao mtandaoni bure. Muuzaji akigoma kutoa fremu, muage.

Sasa ndo saini. Ya penseli ukiinamisha karatasi kwenye mwanga inang'aa kidogo, ya kuchapwa ina wino uleule wa mchoro na bei yake sio hiyo unayotajiwa. Namba kama 12/50 ni nakala ya 12 kati ya 50, usiongeze hela eti kwa sababu ni ya 1.

Ukishanunua usibandike selotepu nyuma, usitundike panapopigwa jua, na wakwe wakija sebuleni hiyo utajijua mwenyewe.