Mlango wa reli ya juu: pima ukuta kwanza, mbao baadaye

Mnaiona sana Pinterest na Instagram, ule mlango mpana wa mbao unaoning'inia kwenye reli nyeusi ya chuma na unaslaidi pembeni badala ya kufunguka. Huko Marekani ilikuwa milango ya maghala ya shambani kabla watu hawajaiingiza sebuleni. Sasa na huku Dar watu wanaitaka, tatizo wengi wanaanza na mbao gani na rangi gani, wakati swali la kwanza ni ukuta, una nafasi au hauna?

Chukua tepu upime. Tuseme tundu la mlango ni upana wa sentimita 90, mlango wako unatakiwa uwe kama 100 ili uzidi sentimita 5 kila upande, usipozidi hivyo mtu akisimama pembeni anachungulia ndani. Reli inatakiwa iwe mara mbili ya upana wa mlango, yaani mita 2, alafu pembeni ya tundu uwe na ukuta mtupu wa kama sentimita 105 ambako mlango utakaa ukiwa wazi. Mtupu kweli, sio kuna swichi ya taa, soketi, picha ya harusi au kabati, maana mlango ukifunguliwa unafunika vyote. Hapo ndio nyumba nyingi zinafeli, vyumba vyetu vidogo na mlango mara nyingi umebanwa kwenye kona. Swichi unaweza kuhamisha, ila kama ni kona, achana nayo ununue mlango wa kawaida wa bawaba, hakuna ubaya.

Jambo la pili ni wapi unauweka. Stoo, dressing (chumba cha kuvalia nguo), chumba cha kupigia pasi, kati ya jiko na sebule, hapo sawa kabisa. Chooni mimi sikushauri, hata kama umeona hotelini. Mlango huu haubani, unakaa mbele ya ukuta na kuacha mwanya pembeni na chini, kwahiyo sauti inapita, harufu inapita, mbu nao hawana shida. Chumba chenye AC vilevile, baridi yote inatokea pembeni na luku utaiona inavyokimbia.

Mbao sasa. Mninga ni mzuri, haupindi ovyo ukiwa umekauka vizuri. Mkongo mgumu ila mzito, paini ni nyepesi na bei yake nafuu lakini hakikisha imepigwa dawa ya mchwa. Piga hesabu ya uzito kabla ya kununua reli: mlango wa upana mita 1, urefu mita 2.13 na unene sentimita 4 ukiwa wa mninga mtupu unakuja kama kilo 55, wa mkongo unakaribia 70, paini kama 40. Angalia reli na hanga (vile vyuma vyenye vigurudumu vinavyoshika mlango kwenye reli) zimeandikwa zinabeba kilo ngapi, na usichukue inayotosha tu, acha nafasi. Seremala akikuletea mbao mbichi kataa, baada ya miezi michache itajikunja na mlango uliojikunja utakuwa unakwaruza ukuta kila ukiuvuta.

Reli kama huipati dukani fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa flati baa (chuma bapa) ya unene wa milimita 6, ila vile vigurudumu nunua vyenye beringi, vya kubahatisha vinapiga kelele nyumba nzima. Na kama unakaa karibu na bahari chuma kipigwe rangi vizuri hadi ndani ya matundu ya bolti, kutu inaanzia humo.

Kufunga. Usihangaike kubahatisha reli ikae juu kiasi gani ukutani. Laza mlango chini, funga hanga zake mbili, alafu pima kutoka ukingo wa chini wa mlango hadi pale gurudumu linapokalia reli, ongeza sentimita 1 ya kuachia sakafu, hapo umepata mgongo wa reli, yaani ukingo wake wa juu, utakaa juu kiasi gani. Kipimo hicho kianzie sehemu ya sakafu iliyo juu zaidi kwenye njia yote ya mlango, maana tailsi zetu zinadanganya, unaona kumenyooka kumbe kuna mlima. Piga mstari kwa pimamaji, reli ikilala upande hata kidogo mlango utakuwa unajifungua wenyewe usiku uanze kusema ni majini.

Habari njema ni kwamba juu ya tundu kuna linta, zege yenye nondo, hapo bolti inashika kweli. Tumia drili ya kugonga na bolti za chuma zinazotanuka ukutani unapozikaza, sio fisha za plastiki na skrubu, hapana, huu ni mzigo wa kilo 50 unaotembea juu ya kichwa cha mtoto. Ukikutana na nondo usilazimishe. Ndio maana wengi wanafunga kwanza ubao mnene ukutani kwa bolti zinapokubali kuingia, alafu reli inafungwa kwenye ubao, na ubao huo unausogeza mlango mbele usigonge fremu wala skating ya chini ya ukuta. Kwa ukuta wa jipsam, ubao huo ni lazima, na ushike kwenye nguzo za ndani, jipsam yenyewe haibebi kitu.

Vifaa vidogo vinavyobaki kwenye boksi watu wanavitupa, usitupe. Kuna stopa mbili za mwisho wa reli, kuna vile visahani viwili vinavyofungwa juu ya mlango ili usiruke ukatoka kwenye reli, na kuna kishikio cha chini cha kuzuia mlango usipepee. Hicho cha chini, kama una tailsi, tafuta cha kufunga ukutani, kutoboa tailsi ili kuweka kidude cha skrubu mbili ni kutafuta ufa. Mkono wa kuvutia mlango, ule wa upande unaotazama ukuta, uwe wa kuzama ndani ya mbao, ukijitokeza utagonga ukuta na mlango hautafunguka wote.

Vanishi ipigwe pande zote sita, pamoja na ukingo wa chini, kabla ya kuuning'iniza mlango.