Kumfundisha mtoto wa nasari neno jipya kwa kutumia mambo aliyoyazoea

Mwongozo huu ni wa walimu wa nasari na wazazi walioko kwenye kambi za wakimbizi za Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na popote Uganda ambapo watoto wanakuja darasani na Kiswahili cha nyumbani. Nafundisha Nakivale, na watoto wangu wengi ni wa familia zilizotoka Kongo. Ninachokisimamia ni kwamba neno likiwa geni, mengine yote yanayolizunguka yawe ya mazoea. Msomee mtoto wa miaka minne kitabu cha msaada chenye theluji na sungura aliyevaa koti, halafu utake ashike neno "kuyeyuka". Muda wote atakuwa anajiuliza yule mnyama nani kamvalisha. Neno hilohilo angelipata kwa kijiko kimoja cha mafuta yaliyoganda, kwenye kikaango cha moto.

Hatua ya 1: Chunguza mtoto anaishije

Usianze na kabila. Mazoea ya mtoto mdogo ni yale anayoyagusa tangu anapoamka mpaka analala. Mama akimleta asubuhi, muulize: jana alikula nini, anacheza na nani, nani anamwogesha, anatumwa wapi. Watoto wanaokaa kando ya ziwa wanajua nyavu na kupara samaki. Wanaokaa karibu na maduka wanajua boda, chapati na kuchaji simu. Ni kambi moja, lakini msamiati wao unaanzia sehemu tofauti.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Vitabu vingi vinavyoitwa vya Kiafrika vimejaa vibuyu na ngoma, kana kwamba hiyo inatosha. Watoto wangu wanateka maji kwa jerikani. Kibuyu kwao ni kigeni kama theluji, tofauti ni kwamba mchoraji alikuwa na nia njema.

Hatua ya 2: Chagua neno moja, mawili yakizidi

Liwe neno atakalolihitaji tena wiki hii. Usihangaike na orodha.

Hatua ya 3: Liweke ndani ya shughuli wanayoijua mwanzo hadi mwisho

Tuchukue neno "mvuke". Shughuli yetu ni uji wa asubuhi, kwa sababu hakuna mtoto asiyejua kinachofuata: maji yanachemka, unga unakorogwa, vikombe vinapangwa, tunakunywa.

Chora mstari mbali na moto, watoto wasimame nyuma yake. Mpishi afunue sufuria. Karibu wote watapiga kelele: "Moshi!" Usiwakemee, wamekupa unachokihitaji. Onyesha kuni: "Moshi ule pale chini, unatoka kwenye kuni." Kisha onyesha juu ya sufuria: "Huu si moshi, huu ni mvuke. Mvuke unatoka kwenye maji." Mpishi ageuze mfuniko ili waone matone upande wa ndani. Yakishapoa, kila mmoja aguse. Moshi haumwachii mtu maji kidoleni, na mtoto analiona hilo mwenyewe bila hotuba yako.

Moshi wanaujua, kwa hiyo unakuwa kitu cha kulinganishia. Mwaka 1978 watafiti Susan Carey na Elsa Bartlett waliwapa watoto wa miaka 3 na 4 neno geni kwao, "kromiamu", liwe jina la rangi ya sinia. Hawakuendesha somo la rangi. Mtoto aliagizwa sinia katikati ya shughuli za kawaida za nasari, na rangi aliyokwisha kuijua ikatajwa kuwa siyo hiyo. Baadhi ya watoto walibaki na fununu ya neno hilo baada ya kulisikia kidogo tu. Fununu ni mwanzo. Maana kamili inakuja polepole, na ndiyo sababu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Rudia kilekile

Walimu tunachoka mapema kuliko watoto. Kesho simama penye sufuria ileile, sema maneno yaleyale. Ukitaka hadithi, tunga fupi ya mama anayepika uji na uisimulie hiyohiyo wiki nzima. Utafiti wa Jessica Horst na wenzake, uliotoka mwaka 2011, uliwapima watoto wa miaka 3. Waliosomewa hadithi zilezile tena na tena walishika maneno mapya vizuri kuliko waliosomewa hadithi mbalimbali, ingawa maneno hayo waliyasikia mara sawa. Hadithi ikishazoeleka, masikio yanabaki huru kwa neno.

Hatua ya 5: Pima kwa kumtuma, usimhoji

Hapa ndipo watoto wengi wanaonewa. Mwalimu anashika mfuniko na kuuliza, "Hii ni nini?" Mtoto ananyamaza, anaandikiwa hajui. Lakini katika nyumba nyingi za kwetu mkubwa hamuulizi mtoto kitu ambacho yeye mwenyewe anakijua. Mtoto anajifunza kwa kusimama pembeni ya dada yake anayetwanga sombe (majani ya muhogo), akisikiliza maneno ambayo hata hakuambiwa yeye. Swali la mtihani ni desturi ngeni, nalo linaongeza ugeni juu ya neno geni.

Kutumwa, kwa upande mwingine, anakujua tangu alipoanza kutembea. Basi weka mifuniko miwili iliyopoa mezani, mmoja mkavu, mwingine una matone. "Nenda kaniletee ule uliopata mvuke." Akileta wa matone, neno limeingia, hata kama hajalitamka. Kulitamka kutakuja akitumwa kwa mwenzake: "Kamwambie mpishi afunue, tunataka kuona mvuke."

Hatua ya 6: Pokea jina la nyumbani

Kitu kikiwa na jina jingine kwao, la Kinyabwisha cha Kongo au Kinyankole cha hapa Uganda, lipokee kwa sauti kisha uweke lako kando yake: "Kwenu mnaita hivyo, hapa tunaita hivi." Watoto wa lugha mbili tatu wamezoea kitu kimoja kuwa na majina mengi. Anayeumia ni aliyekemewa.

Hatua ya 7: Mtoe nje ya mazoea

Wapo wanaoishia kwenye uji, na hapo nawalaumu. Hata mtaala wa mada wa Uganda, ulioanza mwaka 2007 na ni wa P1 hadi P3 (madarasa matatu ya kwanza ya msingi), unaanzia shule yetu, nyumbani kwetu na jamii yetu, halafu unasonga mbele. Badilisha kitu kimoja kimoja: kwanza birika la chai, kisha matoke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, kisha picha. Picha iwe ya kupigwa kwa kamera. Katuni ya sufuria yenye macho na miguu inamsumbua mtoto mdogo. Mwisho kabisa ndipo uwaonyeshe treni ya zamani iliyoendeshwa kwa mvuke. Sasa treni ndiyo ngeni, na neno ndilo la mazoea.

Wakikwama kwenye picha ilhali penye uji hawakosei, usirudi mwanzo. Wapeleke kwanza kwenye sufuria ya maharage, mpishi afunue, na umwache mmoja wao awaeleze wenzake.