Namna ya Kupanga Saa za Kula na Kupunguza Kalori kwa Afya ya Umetaboli

Anayetaka kurekebisha umetaboli, yaani jinsi mwili unavyochakata na kutumia chakula, kwa mfano kurekebisha sukari ya damu, shinikizo la damu au mafuta ya tumboni kwa njia ya chakula, hukutana na ushauri wa aina mbili: mmoja humtaka ale kidogo, mwingine humtaka afupishe saa za kula. Mwongozo huu unashikilia kwamba kiasi cha chakula ndicho kitangulie, na kwamba saa ni msaada wa kweli pale tu zinapopangwa kufuatana na jinsi mwili unavyofanya kazi mchana na usiku.

Kwanza hakikisha kwamba mpango unakufaa. Mwenye kisukari anayetumia insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu), au vidonge kama glibenklamidi vinavyolichochea kongosho kutoa insulini, asipunguze chakula wala kuruka mlo kabla daktari hajapanga upya dozi yake, kwa sababu sukari inaweza kushuka kufikia kiwango cha hatari hata akiwa usingizini. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, waliowahi kusumbuliwa na maradhi ya kujinyima chakula au ya kula na kujitapisha, na wazee wanaopungua uzito bila kukusudia wasiufuate kabisa.

Kisha pima. Mizani peke yake haitoshi, kwa kuwa haitofautishi mafuta na misuli. Pima mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu, lehemu (kolesteroli), sukari ya asubuhi kabla ya kula, na HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya takriban miezi mitatu. Kwa vigezo vinavyotumika sana, HbA1c ya asilimia 5.7 hadi 6.4 ni dalili ya kuukaribia ugonjwa wa kisukari, na kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari chenyewe.

Kwa wiki moja andika kila unachokula na kunywa, pamoja na saa yake, bila kubadili mazoea. Baada ya hapo punguza takriban kilokalori 500 kwa siku, ukianza na vinywaji vyenye sukari, vyakula vya kukaanga na vitafunio vya usiku, kabla ya kugusa mboga, kunde au vyakula vya protini. Huhitaji kupunguza kwa ukali. Katika utafiti wa Marekani uitwao CALERIE, watu wazima wasio na unene wa kupindukia walitakiwa kupunguza kalori kwa asilimia 25 kwa miaka miwili. Kwa wastani walifikia takriban asilimia 12 tu, na hata hivyo lehemu mbaya na shinikizo la damu vilishuka, na insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Hata hivyo, msongamano wa madini katika mifupa yao nao ulipungua. Kwa sababu hiyo naona ni kosa kumshauri mtu apunguze chakula bila kumwambia afanye mazoezi ya kutumia nguvu, kama kunyanyua uzito, angalau mara mbili kwa wiki, na ale protini ya kutosha, karibu gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake ikiwa figo zake ni nzima. Usilenge kupungua zaidi ya kilo moja kwa wiki, kwani kupungua kwa kasi huchangia mawe ya nyongo.

Kuhusu saa, jambo la msingi ni kwamba mwili hauupokei mlo uleule kwa namna moja siku nzima. Asubuhi misuli huitikia insulini vyema. Usiku homoni ya usingizi iitwayo melatonini hupanda, kongosho hutoa insulini kidogo, na sukari hukaa juu kwa muda mrefu zaidi. Katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2018, wanaume waliokuwa wakikaribia kupata kisukari walikula milo yao yote ndani ya saa sita, wakimaliza kabla ya saa tisa alasiri, kwa wiki tano. Mwili wao uliitikia insulini vizuri zaidi na shinikizo la damu likashuka, ingawa walilishwa chakula cha kutosha ili uzito usipungue. Lakini katika utafiti wa Guangzhou, China, wa mwaka 2022, watu 139 wenye unene wa kupindukia walipunguza kalori kwa mwaka mmoja, nusu yao wakila kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni pekee, na tofauti ya uzito kati ya makundi haikuwa ya maana. Nao waliofupisha saa bila kupewa kikomo cha kalori, wakila kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, katika utafiti uliotolewa mwaka 2020, hawakupungua kwa maana kuliko waliokula milo mitatu ya kawaida.

Kwa hiyo anza kwa kula ndani ya muda wa saa 12 kwa siku, kwa mfano saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Ukishazoea, fupisha muda huo uwe wa saa 10 kwa kula chakula cha jioni mapema zaidi, si kwa kuruka cha asubuhi. Mlo wa asubuhi na wa mchana ubebe sehemu kubwa ya kalori, cha jioni kiwe chepesi, na kila kitu kiishe angalau saa tatu kabla ya kulala. Anayefanya kazi za zamu za usiku ale mlo mkubwa kabla ya zamu, na apunguze kadiri awezavyo kula usiku wa manane. Maji, na chai isiyo na sukari wala maziwa, havina kizuizi.

Ukitetemeka, ukitokwa na jasho baridi au moyo ukienda mbio, kula papo hapo na umweleze daktari. Kizunguzungu unaposimama, kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu, kinaweza kuonyesha kwamba dozi sasa imezidi.

Rudia vipimo baada ya miezi mitatu, kwa kuwa HbA1c ya mapema zaidi bado inabeba sukari ya siku za nyuma. Kiuno na sukari vikiwa vimepungua huku uzito umebaki palepale, endelea vilevile. Visipopungua, andika tena chakula chako kwa wiki moja na ukague kiasi kabla ya kufikiria kufupisha saa zaidi.